Mdudu Asiyechorwa

Mtu anapoamua kuchora wadudu kwa rangi za maji, jambo la kwanza linalomjia akilini ni aanze na nani. Aanze na kipepeo, kwa kuwa mabawa yake yamejaa rangi? Kereng'ende, kwa kuwa mwili wake unang'aa? Au nyuki, kwa kuwa kila mtu anamjua? Anachora mmoja, kisha mwingine, na baada ya miezi kadhaa ana picha kumi na mbili, kila moja ikipendeza ikiwa peke yake. Siku anayozitundika pamoja ukutani, zinafanana na abiria waliokutana kituoni: wamesimama bega kwa bega na hakuna anayemjua mwenzake. Wengi hudhani kasoro ni ya mkono, kwamba picha za mwanzo zilichorwa kabla ufundi haujakomaa. Nadai kwamba kasoro iko mbali zaidi, nyuma ya picha ya kwanza. Mfululizo huzaliwa pale mchoraji anapochagua swali moja litakalojibiwa na picha zote, na kutokana na swali hilo akatunga sheria ya kumwambia ni mdudu gani, hata awe mzuri namna gani, hatapata nafasi. Mdudu asiyechorwa ndiye anayewaunganisha waliochorwa.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii una umri wa zaidi ya miaka 300. Maria Sibylla Merian alizaliwa mwaka 1647 mjini Frankfurt, katika Ujerumani ya leo. Baba yake, mchongaji wa picha na mchapishaji wa vitabu, alifariki binti akiwa na miaka mitatu. Aliyemfundisha kuchora ni baba yake wa kambo, Jacob Marrel, fundi wa picha za maua. Akiwa na miaka 13 Merian alianza kufuga viwavi wa hariri na kuandika alichokiona siku baada ya siku. Wakati huo watu wengi, hata wasomi, waliamini bado kwamba wadudu huzuka wenyewe kutoka kwenye matope na vitu vilivyooza. Mwaka 1668 ndipo Francesco Redi wa Italia alipotangaza majaribio yake, akionyesha kwamba nyama iliyofunikwa nzi wasiifikie haioti funza. Merian alichapisha kitabu chake cha kwanza cha viwavi mwaka 1679, chenye mabamba 50 ya picha. Swali lake lilikuwa moja: mdudu huyu anatoka wapi, na anaishi kwa kula nini? Kutokana na swali hilo akapata sheria yake, kwamba kiwavi, pupa na kipepeo au nondo, na yai pale alipoliona, wawekwe kwenye karatasi moja, juu ya mmea uleule ambao kiwavi anaula.

Tazama sheria hiyo ilivyofanya kazi. Kipepeo mwenye mabawa ya kupumbaza macho, ambaye kiwavi wake hajaonekana, hakuwa na mahali kwenye kazi ya namna hiyo. Ua zuri lisiloliwa na kiwavi yeyote lilikosa sababu ya kuwapo. Kinyume chake, nondo wa rangi ya vumbi ambaye fundi mwingine asingemtazama mara mbili alipata karatasi nzima, mradi maisha yake yamefuatiliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Merian alipohamia Amsterdam mwaka 1691 aliziona hazina za wadudu zilizokusanywa na matajiri wa mji ule, wakiwa wamekauka na kupangwa wavutie macho. Baadaye alieleza kwamba alichokikosa katika hazina hizo ni asili ya wadudu wenyewe na jinsi wanavyozaliana. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake mdogo, Dorothea Maria, wakaenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Alikaa huko takriban miaka miwili, akarudi mwaka 1701 akiwa mgonjwa, na mwaka 1705 akatoa kitabu chenye mabamba 60. Sheria yake aliichapisha kwenye ukurasa wa jina la kitabu: humo mnasemwa wazi kwamba kila mdudu amewekwa kwenye mmea, ua au tunda alilokutwa nalo.

Sheria nzuri ina faida nyingine ambayo mpenda picha hawezi kuitabiri: inamlazimisha mchoraji aulize. Ukitaka kuchora bawa peke yake, mdudu aliyekauka anatosha. Ukitaka kujua kiwavi wake alikula nini, unahitaji watu wanaoujua msitu. Huko Suriname watu hao walikuwa wenyeji wa Amerika na Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa katika mashamba ya miwa. Ndio waliomletea wadudu, wakamfyekea njia na kumwambia matumizi ya mimea. Majina yao hayakuandikwa, na hilo ni doa kwenye kazi ile. Hata hivyo, kwa kuwa sheria ilimtaka aeleze kila mmea, Merian aliandika chini ya picha ya ua jekundu na manjano, lile ambalo siku hizi hupandwa kama pambo la uani katika nchi nyingi za joto, kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Habari nzito kiasi hicho imetufikia kupitia kitabu cha viwavi. Picha ya pambo isingekuwa na sababu ya kuibeba.

Mipaka ya fikra, basi, ndiyo msingi. Juu yake inakuja mipaka ya vifaa, na mfano wa hiyo tunao nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alichora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini picha zake zinatambulika ukiwa upande wa pili wa barabara. Ubao wa aina moja, rangi chache zisizochanganywa sana, mnyama mmoja au wawili waliojaza nafasi: vikwazo vya mfuko vikageuka lugha ambayo wengine wamejifunza na kuizungumza hadi leo. Tingatinga hakuchora kwa rangi za maji wala hakuwa mtaalamu wa wadudu. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba umoja wa picha nyingi haununuliwi kwa wingi wa vifaa, na mara nyingi wingi huo ndio unaouvunja.

Kwa mchoraji wa rangi za maji mipaka hiyo ina majina. Ya kwanza ni karatasi. Ile ya pamba yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili maji bila kukunjamana ovyo, na ikiwa na uso laini inaruhusu mguu wa panzi na vinyweleo vya kiwavi vionekane. Karatasi ya uso wa mparuzo inafaa zaidi mawingu na mawe. Ya pili ni ukubwa: picha zote ziwe na kipimo kimoja, na mdudu akuzwe kwa kiwango kimoja. Chungu akichorwa mkubwa kama mbawakawa kwenye karatasi inayofuata, mtazamaji anapoteza imani bila kujua kwa nini. Ya tatu ni mwelekeo wa mwanga. Ya nne, ambayo naiona nzito kuliko zote, ni idadi ya rangi. Rangi tano au sita zinatosha. Weusi upatikane kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, badala ya kuutoa kwenye kopo, na weusi huohuo ukitokea kwenye jicho la nzi, mguu wa siafu na mshipa wa bawa la kipepeo, macho ya mtazamaji yataziunganisha picha kabla akili haijauliza.

Rangi za maji zenyewe zina tabia inayodai mpango. Kila tabaka linapitisha mwanga hadi kwenye karatasi, na weupe wa karatasi ndio taa ya picha. Mng'ao wa gamba la mbawakawa ni sehemu ambayo burashi haikuigusa; ukishaifunika, huirudishi kwa urahisi. Kwa hiyo mchoraji huanza kwa kuamua mahali asipopaka, na uamuzi huo una undugu wa karibu na ule wa mdudu asiyechorwa. Kuna pia rangi za wadudu ambazo hazitokani na wino wowote bali na jinsi magamba madogo ya bawa yanavyouvunja mwanga. Nondo wa mchana wa Afrika Mashariki aitwaye na wanasayansi Chrysiridia croesus ni mmoja wao: mabawa yake hubadilika kijani, bluu na dhahabu kadiri unavyomgeuza. Hakuna rangi ya kopo itakayofanya hivyo. Mchoraji anapaswa kuamua mapema mng'ao wa namna hiyo atautafsiri vipi, kwa matabaka mepesi juu ya weupe au kwa njia nyingine, na tafsiri hiyo aifuate hadi picha ya mwisho. Na anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja aongeze subira kwenye orodha ya vifaa, kwa kuwa hewa yenye unyevu huchelewesha kukauka, na tabaka linalopakwa juu ya jingine lililo bichi huzaa tope.

Sasa tuilete sheria hii uani. Yeyote mwenye mlimau, mdimu au mchungwa amewahi kumwona kiwavi wa kipepeo ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Mama hutaga mayai madogo ya manjano hafifu, moja moja, kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo ana mabaka ya kahawia na nyeupe, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndege hawana hamu ya kula kinyesi. Akikua anabadilisha vazi, anakuwa kijani kama jani analolala juu yake. Ukimgusa anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Kisha anajifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri mithili ya mkanda kiunoni na kuwa pupa, na pupa huyo huwa wa kijani au wa kahawia kulingana na mahali alipo. Mwishowe anatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Hapo tayari kuna picha sita zenye swali moja: mnyama asiye na meno wala mwiba anaishije mbele ya macho ya adui? Rangi zinajitokeza zenyewe kutoka kwenye swali: kijani, kahawia, manjano, weusi, na chungwa linalotokea mara moja tu katika mfululizo mzima, kwenye zile pembe, kwa nguvu ambayo lisingekuwa nayo lingetapakaa kila ukurasa.

Anayetaka swali gumu zaidi ana jamaa wa kipepeo huyo, Papilio dardanus wa misituni. Dume ni wa manjano hafifu mwenye mikia miwili. Majike katika sehemu kubwa ya Afrika hawana mikia na hawafanani na dume hata kidogo. Aina nyingi za jike huiga, kila moja, kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya ambaye ndege wamejifunza kumwepuka. Wachunguzi wa karne ya 19 waliwahesabu kama viumbe mbalimbali mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni spishi moja. Mfululizo wa jike na yule anayemwiga, wawili wawili, karatasi kwa karatasi, ungesimulia jambo ambalo picha moja haiwezi. Na maarifa ya kuanzia yako karibu. Kule Gede, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwenye pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo umekuwa tangu mwaka 1993 ukishirikiana na wakulima wanaofuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nako kuliwahi kuwa na ufugaji wa aina hiyo. Mfugaji anayejua kiwavi gani anakula jani gani ni mwalimu wa mchoraji, na mchoraji wa leo hana udhuru wa kutoliandika jina la mwalimu wake.

Wako watakaosema: mchagua jembe si mkulima. Kwamba mtu atakaa mwaka mzima akitunga sheria na kuchagua karatasi, na hatachora. Hofu hiyo ni ya haki, maana maandalizi ni maficho mazuri ya mwoga. Lakini mkulima huyohuyo asiyechagua jembe huchagua mbegu, tena kabla ya mvua. Hapandi mahindi mstari mmoja, mihogo mstari wa pili na mpunga wa tatu kwa sababu asubuhi ile alijisikia hivyo. Ninachokidai hakihitaji mwaka. Kinahitaji sentensi moja. Pia kinaruhusu mazoezi ya kila namna, mradi mazoezi yaitwe kwa jina lake. Merian alikuwa na daftari la uchunguzi, ambalo limehifadhiwa St. Petersburg nchini Urusi, na humo alitunza kwa miongo mingi vipande vidogo vya ngozi ya ndama alivyochorea kiwavi au pupa mmoja mmoja, pamoja na maelezo yake. Mabamba makubwa ya vitabu yalijengwa kutokana na akiba ile. Daftari hupokea kila mdudu anayepita, mfululizo huchagua. Anayechanganya kazi hizo mbili huishia ama kuogopa daftari lake au kuudharau mfululizo wake.

Pingamizi la pili ni kwamba sheria huzaa uchovu: karatasi zilezile, rangi zilezile, mpaka mchoraji na mtazamaji wote wasinzie. Jibu liko kwenye mabamba 60 ya Suriname. Sheria ni moja, lakini kuna bamba ambalo nanasi limesimama kama mfalme huku mende wakilizunguka, na kuna jingine ambalo mpera umevuliwa majani na chungu huku buibui mkubwa akimshika ndege mdogo. Kitu kikitulia, kingine kinapata ruhusa ya kucheza. Kama ukubwa, mwanga na rangi vimeshaamuliwa, akili ya mchoraji inabaki huru kwa mambo yanayostahili uhuru: mkao wa mguu, jani lililotafunwa, nafasi tupu upande wa kushoto. Mtazamaji naye, akishazoea vinavyojirudia, huanza kuona vinavyotofautiana. Sikio huona raha ya mizani inayojulikana, na ndani ya mizani hiyo ndipo neno moja geni linaposikika.

Pingamizi la tatu ni la kamera. Kwa nini kuhangaika na burashi ilhali simu ya mfukoni inanasa kila unywele wa nzi? Kwa sababu picha ya simu hunasa kilichokuwapo nukta ile, na yai halikai pamoja na kipepeo aliyetokana nalo. Mchoro hukusanya wiki kadhaa kwenye karatasi moja. Tena kuchora ni kutazama kwa lazima, na hapo mfano mwingine ni Cornelia Hesse-Honegger wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufanya kazi ya kuchora wadudu kwa ajili ya wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Zurich. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 1986, alikwenda Sweden mwaka 1987, kwenye maeneo yaliyoangukiwa na mvua yenye mionzi, akakusanya wadudu wa jamii ya kunguni waishio kwenye majani na kuwachora kwa rangi za maji chini ya hadubini. Aliona papasio zilizopinda na mabawa yasiyolingana. Kasoro za namna hiyo, kwenye mwili wa milimita chache, hukwepa jicho la mtu mwenye haraka. Mkono unaopaswa kuchora kila pingili hauwezi kuzikwepa.

Hapa ni lazima niseme mahali sheria inapoweza kumdanganya mwenye nayo. Hesse-Honegger alipotoa picha zake, wanasayansi wengi walimpinga: mionzi ilikuwa midogo mno, walisema, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Aliendelea kukusanya karibu na vinu vya nchi mbalimbali, akiandika mahali alipowapata na kuhesabu wenye kasoro miongoni mwa wote. Picha hazithibitishi peke yake chanzo cha kasoro, na mjadala huo ni wa sayansi kuumaliza. Fundisho kwa mchoraji ni wazi: mdudu mzima ambaye hakuisaidia hoja yako naye sharti ahesabiwe. Kumkataa mdudu kwa sababu hahusiani na swali ni nidhamu. Kumkataa kwa sababu amelijibu swali vibaya ni uongo. Merian naye ana darasa hapa. Buibui wake anayekula ndege alidhihakiwa katika karne ya 19, mpaka Henry Walter Bates, kwenye kitabu cha safari zake za Amazon kilichotoka mwaka 1863, aliposimulia alivyomkuta buibui mkubwa na ndege aliowanasa. Lakini bamba lake jingine lina mdudu aliyeunganishwa kutoka kwa wawili, mwili wa nyenje na kichwa cha mdudu mwingine, na kiumbe kama huyo hajawahi kuruka popote. Sheria humwelekeza mchoraji pa kutazama. Kutazama kwenyewe hakufanywi na sheria.

Basi anayetaka kuanza na aandike sentensi moja yenye swali, kisha aipime. Aipitishe kwa wadudu watatu anaowapenda. Ikiwakubali wote watatu, bado ni pana mno, arudi aipunguze. Aamue idadi, sita au kumi na mbili, ili kazi iwe na mwisho unaoonekana. Apake vipande vya rangi zake kwenye karatasi moja, aitundike mbele ya meza, na rangi isiyokuwamo humo isiingie. Kisha aende kwenye mlimau, alifunue jani changa na kulitafuta yai. Siku itakayokuja, akiwa katikati ya karatasi ya tatu, kereng'ende mwekundu atatua kwenye kijiti mbele yake na kukaa kwa utulivu, akijua kupendeza. Hali majani ya mlimau, wala hajifichi kwa yeyote. Mchoraji na amtazame mpaka aridhike, amwandike kwenye daftari akitaka, kisha arudishe burashi kwenye kijani cha kiwavi. Siku hiyo ndiyo mfululizo utakuwa umeanza.